Kadi za Kidete na Jicho la Bibi

Kidete, Kilosa.
9 Machi 2025.

Mpendwa Shangazi Monica,

Shikamoo. U hali gani na baridi ya huko Njombe? Kile kifua kimepona? Sisi hatujambo. Mvua zimetuhurumia, mahindi yamefika kiunoni.

Najua unangoja habari za mama yako. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Unazikumbuka kadi za kijani za kikundi chetu? Ukimlimia mwenzako nusu siku anakupa kadi, nawe unanunulia mchicha kwa Grace au unamlipa kinyozi. Shilingi zikiadimika, hizo ndizo zinazotuvusha. Karani ni mimi. Kila kadi ina sahihi yangu.

Tulipochangia Bibi akatolewe mtoto wa jicho, niliandika kwenye tangazo: "Kila mtu atoe alichonacho." Shangazi, walitoa! Kikapu kilijaa kadi, shilingi hazikufika hata robo. Hospitali haizijui kadi za Kidete, na madaktari wa macho walikuwa wanaondoka Ijumaa. Bibi ameshafunga kanga zake, ananiuliza safari lini.

Aliyetuokoa ni Mzee Budeba, mfugaji wa ng'ambo ya mto, ambaye hakuwahi kupokea kadi hata moja. Kila nikipita hunitania, "Karani, majani yako hayo ng'ombe wangu hawali." Safari hii alitazama kikapu, akaenda kuuza dume, akatuletea shilingi zote zilizopungua.

"Sasa kadi ni zangu," akasema. "Mtanipalilia nyote. Na wewe uje na jembe, kalamu uiache nyumbani."

Bibi alitibiwa Alhamisi ya wiki iliyopita. Wiki hii tumepalilia siku tatu. Mwandiko umepinda kwa sababu ya malengelenge. Kikundi nimekiomba radhi kwa tangazo lile lisilotaja shilingi. Mwenyekiti wetu, Gerald, alicheka tu: "Tangazo lijalo nitalisoma kwanza." Bado naogopa kidogo kuandika jingine.

Jana Bibi alituletea uji shambani, bandeji imeshatolewa. Alisimama mwanzo wa matuta, akanyoosha kidole.

"Yunis! Mbona umeyaruka magugu yale?"

Yalikuwa mbali, Shangazi, hatua kama thelathini. Nilikwenda kuyang'oa huku nalia.

Msalimie Mjomba Onesphory, na Doto umbusu kwa niaba yangu. Bibi anasema mje awaone, kwa maana sasa anaweza. Mungu awafunike kwa rehema zake.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Yunis