Hakuna Kinachoupita Mwanga

Kwako Mama,

Naomba barua hii ikukute na nguvu, na goti lako liwe limeacha kukusumbua. Mimi huku Qatar ni mzima, ila kubeba matofali juani kumenichosha sana, na wiki hii nina hofu.

Tukitoka kazini huwa tunatazama televisheni, mchezo wa watu wanaoishi ndani ya meli ya angani. Kapteni anabonyeza kitu, nyota zinakuwa mistari, na kabla chai yake haijapoa amefika upande wa pili wa mbingu. Musyoka, mtu wa Kitui ninayelala naye chumba kimoja, alimaliza kidato cha nne. Alicheka.

"Huo ni uongo. Hakuna kitu kinachoupita mwanga. Hata habari haiwezi."

"Pasipoti yako iko kwa mdosi wa kazi," nikamwambia, "na unabishana na watu wa nyota?"

"Bisha tu. Nyota zingine unazoziona zilizimika kitambo. Unaangalia mwanga wa zamani."

Nikafungua simu niangalie tena ile picha aliyonitumia jirani yetu Mwende, wewe ukiwa ndani ya shimo la maji kwenye mchanga wa mto mkavu, kitambaa chako cha kichwa tu ndicho kinaonekana. Kicheko kikaniisha. Picha ilikuwa ya Jumapili iliyopita, na nyuma yako, upande wa vilima vya Mbooni, kuna mawingu meusi. Unaujua mto wetu. Unashuka ghafla na mvua ya Mbooni wakati kwetu jua linawaka.

Nikakupigia hapo hapo. Hupatikani. Mwende pia hapatikani, mpaka leo. Musyoka anasema labda mvua imeangusha mnara wa simu. Alitaka kunituliza, lakini kama ni hivyo, basi mvua imenyesha.

Nikiwa mdogo, wewe ulikuwa unachota, mimi nakaa ukingoni nikisikiliza kama mto unakuja. Ulinikataza hata kuimba. Kwenye picha sioni mtu ukingoni. Aliyekuwa juu ni Mwende, na alikuwa anaangalia simu.

Musyoka amerudishiwa pasipoti na anarudi nyumbani kesho, ndiye anayekuletea barua hii. Ndege ndiyo kitu chenye mbio kuliko vyote ninavyoweza kukutumia, na naiona kama inatambaa.

Msalimie ndugu yangu mdogo Kioko, aache kuzurura sokoni, awe anakaa ukingoni. Msalimie shangazi wa Kalamba, na mchungaji wetu atuombee.

Musyoka akifika, mpe kikombe cha maji kwa mkono wako mwenyewe, halafu atafute mahali penye mtandao anipigie. Nitakuwa nimekaa kimya, nikisikiliza.

Mwanao,
Mutinda