Kisu cha Kukwangua Rangi

Mjukuu wangu Wambui,

Natumai baridi ya Kitale haijakuzidi. Huku Ruiru tuko wazima. Baba yako amemaliza kuchuma kahawa, na goti langu linalalamika kama kawaida.

Unasema umebadilisha balbu na waya, na taa za hiyo trekta kuukuu bado zinafifia. Yalinipata kama hayo miaka ya hamsini, nikiwa dereva wa shamba. Niliipaka trekta rangi mpya yote, ili msichana mmoja aliyetoka Kalimoni, aliyekuwa akimenya viazi jikoni pale shambani, aniangalie. Taa zikakataa kuwaka.

Yule msichana akaja, kisu mkononi. "Stima ikishafika kwa taa, inarudi na wapi?"

"Inarudi na chuma cha trekta," nikamjibu kwa maringo. Hapo ndipo nikaona kosa: nilikuwa nimepaka rangi hadi chini ya mguu wa taa, ukawa haugusi chuma, na stima haina njia ya kurudi.

Nikaazima kisu, nikakwangua, nikakaza bolti. Zikawaka. Alisema nikirudishe kesho yake. Nikakaa nacho makusudi, ili aje kukidai. Alikuja, akawa mke wangu, cucu yako.

Kwangua rangi au kutu hapo chini ya mguu wa taa, utaona. Kisu bado ninacho, na tangu cucu yako atutoke hakuna wa kukidai. Njoo ukichukue, wewe mwenye jina lake.

Babu yako, Guka