Moyo wa Namba Saba

Jumatatu, 4 Machi

Mhariri kanipa ghala la unga. Wiki mbili. Watafiti wanne wa chuo kikuu wanajaribu kifaa cha kubebea magunia, naye anataka makala ndefu yenye watu ndani yake, "siyo ripoti ya semina". Nikamwambia mmoja wa hao wanne ni mtoto wa dada yangu. Akasema vizuri, angalau mmoja atapokea simu zangu. Naandika hapa kwamba nilimwambia.

Wanne wenyewe: Mhandisi, aliyekunja mabomba ya alumini. Mbunifu, aliyeshona mikanda na kuifumua mara kumi na moja. Mchumi, anayehesabu safari. Na mpwa wangu, wa sayansi ya mazoezi, anayepima moyo. Tasnifu yake ya uzamivu imo humo. Miaka minne.

Kifaa ni fremu ya mgongoni. Gunia linakaa juu yake na uzito unashukia kwenye nyonga badala ya shingo. Wapagazi wameshakipa jina: mbeleko. Wako ishirini, kila mmoja na namba yake kwenye shati. Chini ya shati kuna mkanda mwembamba wa kifuani, unaotuma mapigo ya moyo hadi kwenye laptopu ya mpwa wangu.

Jumanne, 5 Machi

Saa moja asubuhi nilikuwa nimeshakaa juu ya rundo la magunia matupu karibu na mizani. Kufika saa tatu nyusi zangu zilikuwa nyeupe kwa unga.

Kazi iko hivi. Gari linarudi nyuma hadi mlangoni. Mtu anapokea gunia la kilo hamsini. Hatua thelathini na nane sakafuni, ngazi sita, anatua. Anarudi.

Namba Saba ndiye mkubwa wao, miaka hamsini na mbili. Mrefu, mkavu, mdomo hautulii. Alipofungwa fremu akapaza sauti: mama yangu kanibeba, mke wangu kabeba wanangu wanne, leo na mimi nimepata zamu! Namba Nne, mwenzake wa zamu, kijana wa miaka thelathini na tano, akamjibu papo hapo.

"Huyo mtoto wako mzito, Mzee. Anakula nini?"

"Unga. Umekaa mgongoni mwangu, huoni?"

Hata Nyapara, msimamizi wao, alicheka, na Nyapara si mtu wa kucheka.

Mpwa wangu wanamwita daktari. Kawaambia yeye si daktari wa sindano. "Basi ni daktari wa kukimbiza watu," akasema Nne.

Naandika saa pembeni mwa kila mstari. Nilijifunza nikiripoti kesi mahakamani miaka ishirini na sita iliyopita, na sijaacha. Vijana wa chumba cha habari hunicheka.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimeelewa hili jambo linaelekea wapi.

Mchumi kanifafanulia kwa kalamu nyuma ya bahasha. Gari la tani nne ni magunia themanini ya kilo hamsini. Yakiwa ya kilo sabini, ni magunia hamsini na saba tu. Safari ishirini na tatu zimeokolewa, kwa kila gari. Na kwa mbeleko, anasema, shingo ya mtu haioni tofauti.

Nikauliza: na moyo je?

Akaniambia hapo ndipo kazi ya mpwa wako inapoingia. Kikomo ni mapigo 150 kwa dakika. Mashaka yalikuwa kwa wenye umri mkubwa. Lakini yuko Namba Saba! Ana zaidi ya hamsini na hajawahi kuvuka 145. Mchumi alilitaja jina hilo kama mtu anayetaja farasi wake.

Mwenye ghala atatoa uamuzi Ijumaa ya wiki ijayo, mbele ya wageni. Gunia jipya, kilo sabini, kwa wote.

Nyapara alikuwa anasikiliza. Atakayeonekana na mashine kwamba hawezi, akasema, ajue hana namba tena hapa. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anayetoa taarifa ya mvua.

Jumamosi, 9 Machi

Mpwa wangu alikuja na laptopu. Akaifungua kwenye meza yangu ya chakula, akasogeza sahani.

"Mama mdogo, tazama hii. Sijamwonyesha mtu."

Mistari miwili, mmoja bluu, mmoja mwekundu. Namba Nne na Namba Saba. Inapanda pamoja, inashuka pamoja, siku nzima, siku nne. Kwake huo ni ushahidi kwamba mikanda inapima sawasawa: watu wawili, zamu moja, mzigo mmoja, jibu moja. Ukurasa mzima wa tasnifu. Ana furaha ambayo sijaiona kwake tangu amzike baba yake.

Nikamwomba anionyeshe Jumanne, saa nne na dakika kumi na mbili. Mapigo 142, mistari yote miwili. Wanapanda ngazi na magunia, akasema.

Alipoondoka nikafungua daftari langu. Jumanne, 4:12: *Saba kakaa nguzo ya tatu, mkono mmoja umeshika nguzo, anahemea mdomoni. Hana gunia. Dakika sita.*

Nimekagua sehemu nyingine tisa. Zote tisa hivyo hivyo. Saba amekaa, mstari wake unapanda ngazi.

Sijampigia. Kwanza nihakikishe.

Jumatatu, 11 Machi

Nilimkuta Nne kwenye bomba la maji, peke yake. Nikamwuliza tu: unavaa mikanda mingapi?

Akanawa uso upya, ingawa alishanawa.

"Miwili," akasema. "Mmoja hapa, mmoja chini yake. Muulize mwenyewe, dada. Mimi nimebeba tu."

Saba nilikaa naye nyuma ya mizani. Alijua nimekuja kwa nini. Mwaka jana, akasema, muuguzi wa zahanati alimwambia moyo wake umetanuka, apunguze kazi nzito. Akamwuliza nyepesi iko wapi.

"Gunia la hamsini nalijua, dada mwandishi. Najua pa kupumulia. Ile nguzo ya tatu ni yangu. Mashine haijui nguzo. Ingenitoa siku ya kwanza."

Nikamwambia asichokijua: kwamba ghala zima linakwenda kwenye kilo sabini kwa sababu ya karatasi inayosema mzee wa miaka hamsini na mbili anaweza. Moyo wa Nne ndio unaomwongezea kilo ishirini.

Kisha akauliza kama nitaandika. Nikasema sijui nitaandika nini, lakini siwezi kuandika uongo. Akaniomba nisimtaje. Nikamwambia namba yake sitaiandika. Zaidi ya hapo sikuahidi.

"Daktari anajua?"

Kesho, nikasema.

Jumanne, 12 Machi

Nimemwambia. Alisoma kurasa zangu akiwa amesimama. Akazisoma tena akiwa amekaa.

Kisha: "Ulipokuja mezani kwangu ulikuja kama mama mdogo au kama mwandishi?"

Ni yeye aliyekuja mezani kwangu. Sikumrekebisha.

Akasema yeye ndiye aliyewaambia wavae mikanda faraghani, kwa heshima. Hakuwakagua hata mara moja. Mistari ilifanana mno, akaona ni uzuri.

Aliondoka bila kuaga.

Jumatano, 13 Machi

Kumbe aliwaambia wenzake jana ileile. Nimekuta kikao kidogo kando ya gari lao. Hakuna aliyenifukuza.

Mchumi ana njia: mtoeni Saba kwenye hesabu. Mtu mmoja hapindui wastani wa ishirini. Nikauliza wangapi wengine wamevuka miaka arobaini na tano. Hakuna. Basi tutaandika, akasema, kwamba matokeo ni kwa walio chini ya umri huo. Mbunifu akamwuliza huo mstari utakuwa ukurasa wa ngapi, na nani ataufikia. Mchumi akaendelea kuandika. Si mtu mbaya. Anaamini wastani jinsi wengine wanavyoamini tiba.

Mhandisi alikuwa anafuta fremu kwa kitambaa, bomba moja moja. Alisema sentensi moja tu asubuhi nzima: "Mimi nilitengeneza kitu cha kupunguza uzito."

Mpwa wangu hakunitazama.

Wakati huohuo limeshushwa furushi la magunia mapya. Yamechapwa tayari: KILO 70.

Alhamisi, 14 Machi

Mhariri kwa simu: una habari au huna? Ninayo. Basi ilete. Haijakamilika, nikasema, sijamsikia mwenye ghala. Akakata kwa adabu yake ya kawaida, yaani bila adabu.

Mchana mpwa wangu alikuja ofisini. Macho mekundu, nywele zimefungwa vizuri. Kaenda kwa profesa wake. Profesa kamwambia wageni wameshaalikwa, tasnifu inaweza kusahihishwa kimyakimya baadaye, kesho awasilishe yasiyo na shaka tu.

"Na wewe?"

"Ule mchoro nimeutoa. Nimemtafuta Saba akapimwe hospitali, naenda naye mwenyewe. Hataki. Anasema baada ya Ijumaa."

Kila mtu ana baada ya Ijumaa yake.

Akaniomba daftari. Anataka saa zangu zikae mkononi mwake kesho, iwapo itabidi aseme. Mwandishi hatoi daftari lake. Nimewakatalia mawakili, polisi, waziri mmoja. Nimempa.

Akaniita mama mdogo mlangoni, kama zamani. Mengine hatukusema.

Ijumaa, 15 Machi

Naandika humu nikiwa ghalani, daftari la kazi analo yeye.

Viti vyeupe, wageni kama arobaini. Projekta inamulika ukutani. Mhandisi kamaliza, makofi. Mchumi kamaliza, makofi zaidi. Mpwa wangu kasimama saa nne na ishirini. Kasema data za mtu mmoja hazifai na kwamba kwa umri mkubwa hana jibu. Makofi hakuna. Mwenye ghala akatabasamu: data zisipofaa si tutazame kwa macho? Si mzee mwenyewe yupo?

Saa nne na dakika ishirini na tisa. Saba anaitwa. Mwenye ghala anataka avue shati ili wageni waone mkanda. Basi leo hakuna pa kujificha. Mpwa wangu anasema hapendekezi jaribio hili. Profesa wake, kiti cha mbele, anatazama viatu vyake. Nyapara anasema: Saba, unaweza au huwezi?

"Naweza."

Mpwa wangu anamfunga mkanda mwenyewe. Anamnong'oneza kitu. Saba anatikisa kichwa. Kifua chake naweza kuhesabu mbavu.

4:36. Moyo wake mwenyewe ukutani, kwa mara ya kwanza. 104, na amesimama tu.

4:38. Gunia jipya mgongoni. Watu wawili wamelipandisha. 127.

Hatua kumi. 149. Mchumi ameacha kupiga picha.

4:40. Nguzo ya tatu. Anaipita bila kuigusa! 163. Nyuma yangu mgeni anamwuliza mwenzake kama namba ikiwa kubwa ndiyo nzuri.

Nimenyanyuka. Sijui nimenyanyuka lini.

4:41. 172. Mpwa wangu ameshika daftari langu kifuani. Amesema kwa sauti ya kufika mlangoni: "Tua, baba. Huyu mtu ana moyo mgonjwa, na mnajua sasa. Tua."

Ghala zima limesikia. Nyapara amesikia.

Saba amemtazama Nyapara. Ameongeza hatua.

Nne ametoka kwenye mstari wa wapagazi. Anatembea nyuma yake, mikono ameitanguliza mbele, hajamgusa.

4:42. Ngazi ya kwanza. 181. Hajatua.