Kinga ya Bwana Menza

Kibarani, Kilifi
3 Juni 1986

Mwanangu Mapenzi,

Salamu nyingi. Hapa nyumbani tu wazima, na kifua cha mamako kimepata nafuu. Hujambo wewe? Nauliza kwa kuwa adabu yataka niulize, lakini moyoni nina jambo jingine, na leo sitazunguka.

Jana nimeletewa barua ya wakili. Imeandikwa Kiingereza, na kisomo changu cha ngumbaru ni cha Kiswahili tu, kwa hivyo nilimpelekea Pasta Simeon anisomee. Alisoma mara mbili. Yasema Mwalimu Jedida, yule mjane aliyenunua nyumba hapo Malindi kwa mkono wa dalali Bwana Menza, mwajiri wako, ameangukiwa na dari ya jikoni. Bega limevunjika, mkono wa kulia hauinuki. Yasema pia mwenye makosa ni mimi, Thoya, fundi mwashi, kwa kuwa nilitia sahihi kwamba nyumba ile ni nzima.

Mapenzi, mimi nilisema ni nzima?

Siku ile ya Januari nilitoka kuikagua nikaja moja kwa moja ofisini. Wewe ulikuwa umekaa kwenye taipu yako. Nilisimama mbele ya Menza nikamwambia: "Nyumba hii imejengwa kwa mchanga wa baharini. Nimebandua lipu nikaionja kwa ulimi, ni chumvi tupu. Vyuma vya dari ya jikoni vimevimba kwa kutu. Dari ile ibomolewe kabla mtu hajahamia." Menza akasema, "Sawa, Mzee, Mapenzi atayaandika yote." Ukapiga taipu, ukaniletea karatasi ya Kiingereza, nikatia sahihi. Sikuuliza, maana mwandishi alikuwa binti yangu.

Niambie nilitia sahihi kitu gani.

Baba yako,
Thoya


Malindi
11 Juni 1986

Baba,

Shikamoo. Barua nimeipata, na nimefurahi kusikia Mama ana nafuu. Mimi ni mzima wa mwili.

Nitasema kweli. Ulipotoka kwenda kunawa mikono, Bwana Menza aliniambia niandike kuta zimenyooka na mabati ya vyumbani hayavuji, basi. La dari akasema, "Hilo nitamweleza mwalimu mwenyewe kwa mdomo." Chini kabisa akanisomea maneno aliyoandikiwa na wakili wake wa Mombasa: kwamba dalali hana dhima kwa kasoro yoyote ya nyumba, na likitokea la kutokea, wa kuulizwa ni mkaguzi peke yake. Huyaweka kwenye kila karatasi tangu mnunuzi mmoja alipomshtaki mwaka juzi. Huyaita kinga. "Kila mwenye kazi hii sasa anajikinga," husema, "si ubaya." Nami nimeyapiga taipu mara nyingi, Baba, hata nikawa siyasomi.

Nilidhani atamwambia mwalimu. Naapa.

Usije Malindi kwa sasa. Bwana Menza amekasirika, lakini asema iko njia ya kutuokoa sote. Karatasi yake nimeitia ndani ya bahasha hii, nimeiandika kwa Kiswahili uisome mwenyewe. Yasema kwamba siku ile hukumwambia neno lolote juu ya dari, uzee ulikupitia ukasahau. Ukitia sahihi, atakutafutia wakili, na hakimu atakuonea huruma. Nami nitabaki na kazi yangu. Nifikirie na mimi, Baba.

Mwanao,
Mapenzi


Kibarani
17 Juni 1986

Mapenzi,

Hatujambo.

Karatasi yako nimeisoma kila herufi, kwa kidole. "Uzee ulinipitia nikasahau." Hayo umeyaandika wewe? Miaka thelathini najenga Kilifi hii, hata choo changu kimoja hakijaanguka. Leo mtoto wangu aniletea uongo uliokwisha kupigwa pasi, nibandike jina tu!

Ulisema nisije Malindi. Nilikuja Ijumaa. Sikupita ofisini, nilikwenda hospitali kumwona mwalimu. Nilimkuta ameketi kitandani, mkono umefungwa kifuani. Nilipojitaja jina hakunipa salamu.

"Kumbe ni wewe mzee uliyesema nyumba ni nzima."

"Mwalimu, mimi nilisema dari ibomolewe. Nilimwambia Menza."

"Mimi hakuniambia. Aliniambia imekaguliwa na fundi mkongwe, nikatulia. Huu ndio mkono wangu wa kushikia chaki. Haya, siku uliyosema hayo, nani alikusikia?"

Mimi, mtu mzima, mbele ya mjane aliyevunjika, nikatazama sakafu. Nikikutaja, unafukuzwa kazi. Nisipokutaja, mimi ni mwongo. Akasema, "Nenda, Mzee. Kumbe na wewe una kinga yako."

Neno lile linanichoma mpaka sasa ninapoandika.

Karatasi yako hii hapa, nimeipasua mara nne. Usiniandikie tena mpaka uwe na la maana.

Thoya


Marereni
24 Agosti 1986

Baba,

Shikamoo. Mama hajambo? Nimekaa miezi miwili bila kuandika kwa kuwa ulinikataza, na kwa kuwa nilikuwa na hasira. Bado ninazo, nawe utazisikia.

Ni nani aliyenipeleka kwa Menza? Ni wewe. Ulisema, "Mheshimu kama unavyoniheshimu mimi, neno lake lisianguke chini." Nikamheshimu. Alisema andika, nikaandika. Mmenilea nisiwajibu wakubwa, kisha mwaniuliza mbona sikujibu! Na wewe ulitia sahihi usichokijua kwa kuwa ulikuwa unawahi gari la saa nane. Mimi nilikuwapo.

Hayo nimeyatoa. Sasa sikiliza. Wiki ile ya barua yako nilikwenda kwa wakili wa Mwalimu Jedida, hakuna aliyenituma. Nikaandikisha yote: ulivyosema, nilivyoambiwa nisiandike, hata ile karatasi ya kukusahaulisha. Kisha nikarudi ofisini nikamwambia Menza usoni pake, asije akasikia kwa watu. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Baba yako hajui Kiingereza, na aliyeandika ni wewe. Hakimu akiuliza ni nani aliyemdanganya mzee, utamtaja nani?"

Nikamwambia, "Nitajitaja mimi. Kisha nitamtaja aliyeniamuru."

Akanionyesha mlango.

Sasa niko huku kwa Shangazi Mbeyu. Nafanya kibarua cha kuchota chumvi, na viganja vimepasukapasuka. Kesi itasikizwa tarehe tisa Septemba. Nitakuja. Usinisalimie kama hutaki.

Mwanao,
Mapenzi


Malindi
12 Oktoba 1986

Mwanangu Mapenzi,

Habari za huko? Mbeyu na watoto hawajambo? Mamako analalamika kwamba hukumpitia.

Siku ya kesi nilikuwa benchi la nyuma. Nilikusikia ukisema, "Ni mimi niliyeandika." Ulipotoka nilikupita kama nisiyekujua. Uso ulinishinda. Nilikuwa na hasira nawe, na Menza, na zaidi na nafsi yangu, maana lile la gari la saa nane ni kweli.

Juzi hakimu ametoa uamuzi. Amesema karatasi ya kinga haimfuniki mtu aliyeambiwa kasoro akaificha, na Menza ndiye atakayemfidia mwalimu. Nami nilikemewa mbele ya watu, kwamba fundi asiyejua alichotia sahihi ni hatari sawa na dari mbovu. Nimekubali. Menza amekata rufani, na ofisi yake iko wazi kama kawaida. Jana nimemwona barabarani akimpeleka mnunuzi mwingine kutazama nyumba, anacheka. Nilitafuta jiwe kwa macho.

Barua hii naiandikia kibarazani kwa Mwalimu Jedida. Nimekuja kuibomoa ile dari iliyobaki. Sikuombwa. Alinifungulia mlango, akaweka kiti uani, akaketi kunitazama. Kila nikipumzika husema, "Piga, Mzee." Hajanisamehe, nami sijamwomba.

Leo wakati wa chai ameniambia kuwa wakubwa wake wa kazi wanataka maelezo marefu kwa maandishi, na mkono wa kushoto haujajua kuandika. Anatafuta mtu wa kumwandikia. Nikamwambia ninaye binti. Alijua papo hapo namsema nani. Akakiweka kikombe chini, akauliza, "Ataandika nisemavyo?"

Njoo umjibu mwenyewe.

Baba yako,
Thoya