Odowa Ilitoa Maji

Kitale, Jumatano, 14 Juni 2006

Ati mwalimu mzima hali mawe! Ndivyo Bwana Barasa, mkuu wa idara, aliniambia aliponikataza kula odowa, yale mawe laini ya wajawazito, ofisini, na mimba hii haitaki kingine. Leo akaja kunikagua darasani. Mkataba wangu uko mikononi mwake. Niliogopa, sitajidanganya.

Nikafundisha kwamba mawe hushuka ndani sana ya dunia yakibeba maji. Kidato cha nne wakacheka. "Madam, si jiwe ni kavu, bana!" Wafula akasema.

Nikatoa odowa mkobani, ile niliyoikausha jikoni tangu jana. Nikaiponda, nikaitia kwenye kichupa cha maabara, nikaiweka motoni. Barasa akaangalia saa.

Halafu mdomo wa kichupa ukaingia ukungu, tone likateremka.

"Maji!" Wafula akapiga kelele.

Nikawaambia haya yamefungwa ndani ya madini yenyewe, kukausha tu hakuyatoi. Ndiyo maana yanafika huko chini.

Barasa alitia sahihi mkataba wangu. Kisha akanifuata, mpole kama kondoo, akiomba kipande aonyeshe darasa lake.

Kilibaki kimoja. Nikakitafuna mbele yake.