Tabibu wa Kikosi

Shoga, nimejifungia chooni.

Si unajua nilijiunga kwa siri kwenye ule mchezo wa simu wa mapanga na majoka anaocheza mume wangu? Mimi ndiye tabibu wa kikosi chao. Kila akijeruhiwa namtibu, na hajui ni mimi.

Leo joka limemlaza chini. Yeye alikuwa sebuleni, mimi chumbani, nikamsikia akiwaambia wenzake: "Tabibu wetu hajawahi kuniangusha. Si kama huyu wangu wa ndani, kazi yake kununa tu."

Kununa. Mimi.

Nikaweka simu kitandani, joka likammaliza.

Sasa amesimama nje ya mlango wa choo, ananisimulia kwa uchungu jinsi tabibu alivyomtelekeza.

Mwezi mzima hajanisimulia kitu, shoga.