Barabara Kwenye Ngoro za Erasmo

Mtaa wa Mibunini,
Mbinga.
12 Oktoba 2024

Mpendwa kaka Erasmo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Kihagara, na kwamba mguu wa wifi Ottilia umepata nafuu. Mfuko wa dagaa usipa mliotutumia ulifika salama, na majirani waliponusa tu wakajileta wenyewe na masufuria. Sisi huku tunapumua.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nimekupigia mara tatu nikaishia kuuliza habari za ziwa. Mdomo wangu unaujua, haujawahi kukosa maneno, lakini hili limenishinda. Ni habari za shamba lako, hilo hilo unalotaka kuja kujenga mwezi wa kumi na mbili ukishastaafu na kuwarudishia watu wa shule nyumba yao ya mwalimu.

Tangu tumzike mama hujapanda huku, kwa hiyo hujui mtaa ulivyogeuka. Kwa jirani yetu Vitalis mibuni yote imeng'olewa, zimesimama fremu saba za maduka. Moja ina fundi cherehani, nyingine wanauza vocha, tano wanalala mbuzi. Kila mtu anakata viwanja. Mwaka jana wakaja watu wa mipango miji pamoja na mpima mmoja, Hamphrey, mpole kweli, mtu wa kutoka mbali. Wakatuita mkutanoni, wakabandika ramani ukutani. Hamphrey akaeleza kwamba barabara ya mita kumi na tano itashuka kutoka kanisani mpaka bondeni, soko litajengwa huko chini, na sisi wa kando ya barabara tutafanya biashara mpaka tuchoke. Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, mpaka nilipooneshwa mstari. Ulipita katikati ya nyumba yangu.

Jamani kaka! Nyumba ile nimefyatua tofali kwa mikono hii, nilipotoka kwa yule bwana na mtoto mgongoni na ndoo moja ya nguo. Nilimfuata Hamphrey nikamfokea mbele za watu. Akanijibu taratibu kwamba mstari unaweza kusogezwa upande wa juu, ikiwa huko kuna ardhi isiyotumika.

Upande wa juu ni kwako. Na mwaka ule ngoro zako, yale mashimo yetu ya kulimia mteremkoni, nilikuwa nimezipumzisha, kama baba alivyotufundisha, mashimo yote yameota majani ili udongo upate nguvu. Mmatengo yeyote angeona shamba. Hamphrey aliona pori, akaandika pori, na mstari ukasogea.

Greda lilikuja Februari. Ngoro alizochimba baba likazifukia kwa siku mbili. Mvua za Machi hazikukuta shimo la kuzishika, zikateremka na udongo wote mpaka mtoni. Vipande vilivyobaki huku na huku havitoshi kiwanja, vimeandikwa eneo la wazi. Fidia hakuna, kwa sababu kwenye karatasi hapakuwa na mazao wala mwenyewe aliyejitokeza. Barabara yenyewe imeishia katikati ya mteremko. Greda liliondoka, soko halijachimbwa hata msingi.

Utauliza kwa nini hukuambiwa. Kaka, uliandikiwa.

Mtendaji wa mtaa aliniletea bahasha yenye jina lako, nikupelekee kwa basi. Alisema una siku thelathini za kuweka pingamizi. Nilijua ukipinga, mstari utarudi kwangu. Nikaiweka sandukuni chini ya vitenge, nikazihesabu siku mpaka zikaisha. Na lile pori, Hamphrey hakulibuni. Aliniuliza mwenye ardhi ni nani. Nilimwambia mwenyewe alihamia ziwani, ana maisha yake huko, hatarudi. Nikatia sahihi kwenye karatasi yake. Pasaka uliponiuliza kwenye simu nikakwambia shamba lipo, linakusubiri.

Nimekwenda kwa mtendaji kumweleza ukweli. Alinisikiliza vizuri, akasema ramani imeshagongwa mihuri yote, na kwamba hata angenihurumia namna gani hakuna mlango wa kurudi nyuma.

Sasa usinione mwema kwa kuungama. Wiki tatu zilizopita watu wa mipango miji walipita na rangi nyekundu, wakachora X kwenye ukuta wangu. Wanasema maji ya barabara yanahitaji mtaro, na mtaro utapita hapa. Bila ile X, kaka, nisingekuandikia. Ningekuacha upange mizigo uje.

Usije na mizigo. Sina pa kukupokea, na Januari hata mimi sijui nitakuwa wapi. Bahasha yako nimeiweka humu. Sikuwahi kuifungua.

Nisalimie wifi na watoto wote. Mwanao Walburga aliniuliza juzi kwenye simu chumba chake kitatazama upande gani. Nilimjibu upande wa kanisa, na alifurahi sana. Tafadhali umwambie wewe, mimi siwezi tena. Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako,
Asteria